Visimamio Kumi na Vinne

Kisigino cha kulia hakikugusa chini.

Redio aliliona hilo asubuhi, alipokuwa akimvisha mdogo wake wa kike viatu. Alimkalisha kwenye ukingo wa kitanda na kumshusha miguu sakafuni kama afanyavyo kila siku. Mguu wa kushoto ukatulia sawasawa. Wa kulia ulisimama kwa vidole, kama wa mtu anayechungulia dirisha lililo juu. Akakandamiza goti. Kisigino kikashuka kidogo, kisha kikarudi juu. Akapitisha vidole vyake viwili chini yake, vikapita bila kugusa kitu.

"Unanitekenya," alisema mtoto. Maneno yake yalitoka polepole, yakivutwa moja moja, lakini yalitoka kama amri. Alikuwa na miaka saba, hajawahi kutembea hata hatua moja, na nyumba nzima ilimwita Bosi.

"Tulia kidogo, Bosi."

"Kiatu."

"Kiatu hakiingii."

"Basi badilisha mguu," alisema Bosi, akacheka peke yake.

Redio hakucheka. Alitoka nje. Mama alikuwa akisuuza nguo za nyumba mbili tu. Zamani alifulia nyumba tisa, lakini tangu ugonjwa uingie, watu waliogopa mikono iliyoshika nguo za wengine.

"Mama, njoo uone mguu."

Mama alikuja mikono ikiwa na povu. Aliinama, akautazama mguu, akaugusa. "Ni baridi tu. Utalegea jua likitoka."

"Juzi kilipita kidole kimoja. Leo viwili."

"Juzi? Ulipima juzi ukanyamaza?"

Redio akatazama sakafu. Ndivyo alivyokuwa. Hata hilo jina la utani alipewa katika kituo cha mazoezi cha watoto wasioweza kutembea, alikofagia na kupiga deki kwa miaka minne, kwa sababu aliweza kumaliza juma zima bila kutoa sauti. Mpishi ndiye aliyeanza. "Jamani, punguzeni hiyo redio," alisema siku moja huku akimwonyesha kwa mwiko, "hatusikilizani humu." Watu wakaangua kicheko, naye akacheka kwa kuziba mdomo, na jina likaganda.

Baba alipoitwa, hakuugusa mguu. Alikuwa fundi seremala, na kitu kilichopinda alikijua kwa jicho.

"Anahitaji kisimamio," alisema.

Kisimamio kilikuwa ubao mrefu wenye miguu mipana, egemeo la magoti, meza ndogo mbele, na mikanda ya kumfunga mtoto kifuani na kiunoni. Mtoto asiyeweza kusimama alisimamishwa humo saa nzima kila siku, na uzito wake mwenyewe ulivuta visigino chini. Kituoni vilikuwapo kumi na vinne, kwa watoto kumi na wanne. Vyote alivitengeneza Baba. Cha Bosi kilikuwa cha tisa, na ndicho alichokipiga msasa mara mbili.

Kituo kilikuwa kimefungwa wiki ya kumi sasa, na visimamio vilifungiwa ndani.

"Tengeneza kingine," alisema Mama.

"Kwa meno?" aliuliza Baba.

Mama akapangusa povu mikononi. Randa, msumeno na patasi viliuzwa wiki ya tano. Yeye mwenyewe ndiye aliyeshauri viuzwe.

Shirika lililoendesha kituo lilisema halijasimamisha kazi. Lilituma ujumbe katika kundi la wazazi, na Redio akausoma kwa sauti ndogo kwenye simu ya jirani, muuza mitumba, maana simu ya Baba haikuonyesha picha.

"Wazazi wapendwa. Janga limetufundisha kubadilika. Kuanzia sasa mazoezi ya watoto yatafanyika kwa njia ya mtandao. Tazameni video, mfanye nyumbani, na kila Ijumaa mtume video ya mtoto kwa ajili ya ripoti."

"Ripoti ya nani?" aliuliza Mama.

"Ya wafadhili."

"Haya, fungua hiyo video. Bando ni la mtu."

"Litumieni tu," alisema jirani, akiwa amesimama mlangoni na barakoa kidevuni. "Likiisha mtanifulia shuka."

Kwenye video alikuwapo msichana mwenye nguo safi za mazoezi, amepiga magoti juu ya zulia. Mbele yake alilaza mdoli. Aliushika mguu wa mdoli kwenye vidole, akaukunja, akaunyoosha, akauzungusha, huku akitabasamu. "Rahisi kabisa," alisema. "Moja, mbili, tatu. Upande wa pili."

Bosi alitazama hadi mwisho, kichwa chake kikiyumba.

"Huyo hana mifupa," alisema.

Jirani alicheka mpaka akashika mlango. Lakini Redio aliiangalia ile mikono ya msichana kwa hasira iliyompanda taratibu. Mguu wa mtoto kama Bosi haushikwi vidoleni. Ukishikwa vidoleni unakaza zaidi. Unashikwa kisigino. Wala hauvutwi. Unashikwa, unasubiriwa, mpaka msuli wenyewe uchoke kubisha. Hayo hakuyasoma popote. Shule aliiacha darasa la tano, Bosi alipozaliwa, maana mtu alihitajika wa kumbeba. Aliyajua kwa sababu mtaalamu wa viungo aliyekuwapo kituoni, kabla mkataba wake haujakatwa, alikuwa na mikono miwili tu na watoto kumi na wanne. "Wewe, weka hilo dekio chini," alimwambia kila asubuhi. "Shika hapa." Naye akashika, kwa miaka mitatu.

Ijumaa jirani alimrekodi akimkanda Bosi mguu. Ilisikika sauti ya Bosi tu ikihesabu, "Kumi na moja, kumi na mbili, Dada umelala?" Waliituma. Kisigino kilishuka nusu kidole, na Jumamosi kikarudi palepale. Mikono hulegeza msuli. Kinachokirudisha kisigino chini ni mtoto kusimama.

Jumatatu Baba alimfunga Bosi mgongoni, Redio akafuata nyuma, wakaenda kituoni.

Mlinzi aliwafahamu wote watatu, lakini alitoka na kile kipimo cha joto akakielekeza kwenye kipaji cha Baba kama bastola.

"Samahani, Fundi. Amri."

"Piga tu. Sikuja kwa shari."

"Na Bosi naye."

"Mimi nina joto sana," alisema Bosi. "Nina hasira."

Mlinzi akacheka, akawanyunyizia dawa mikononi, kisha viatuni, kisha, baada ya kufikiri, kwenye miguu ya Bosi iliyokuwa ikining'inia. Wakangoja kwenye ukuta wa veranda. Kupitia dirisha la ukumbi Redio aliviona visimamio. Vilikuwa vimesukumwa pembeni, vimefunikwa nailoni, na namba zimeandikwa kwa rangi nyeupe, kila kimoja na yake. Namba hizo Baba ndiye aliyeziandika, kwa mkono wake, kwa kujivunia, siku ya makabidhiano. Katikati ya ukumbi, pale watoto waliposimama zamani, palikuwa na zulia, taa mbili za kupigia picha, na mdoli amekaa kwenye kiti. Pembeni yake zilipangwa ndoo za kunawia zenye nembo ya shirika, zimepandana hadi darini.

Mratibu alitoka, akasimama mbali nao. Alikuwa mwanamke nadhifu, na sauti yake ilikuwa laini hata alipokuwa akikataa.

"Fundi, habari za siku nyingi. Na wewe Redio. Tumewakumbuka."

"Tumekuja kuomba kisimamio cha mtoto," alisema Baba. "Namba tisa. Tukitumie nyumbani mpaka mfungue."

"Natamani ningeweza. Vifaa vyote ni mali ya mradi, vina namba. Wakaguzi wakija wavikute hapa."

"Namba niliziandika mimi."

"Na kazi yako ulilipwa, Fundi. Tusirudi huko." Alitabasamu nyuma ya barakoa, macho ndiyo yaliyoonyesha. "Halafu kuna suala la maambukizi. Kifaa kikitoka, nani atajua kimeshikwa na nani?"

"Kitashikwa na mtoto wangu. Mguu wake unapinda. Redio, mwambie."

Wote wakamtazama. Redio alifungua mdomo. Maneno yalikuwapo yote, vidole viwili, wiki kumi, kisigino, lakini alichofanya ni kukishika tu kisigino cha Bosi.

"Haya, hasemi," alisema Mratibu kwa upole. "Tumemzoea. Fundi, tufanye hivi. Saini hapa, niwaingize kwenye orodha ya wanaongoja vifaa."

Alimpa karatasi juu ya ubao. Baba aliisoma rula, aliisoma futi kamba, lakini maandishi aliwaachia wenye shughuli nayo. Alichukua kalamu. Redio alikuwa ubavuni pake, na macho yake yakapita juu ya mistari kwa mwendo wake wa darasa la tano, neno baada ya neno.

*Mimi mzazi nathibitisha kwamba mtoto wangu anapata huduma kamili ya mazoezi kwa njia ya mtandao, na kwa sasa hana hitaji la kifaa.*

Akalisoma tena neno la mwisho. Akavuta pumzi.

"Na wewe Redio," alisema Mratibu, "usiwe na wasiwasi. Tukifungua, wa kwanza kuitwa ni wewe. Mfagiaji kama wewe hapatikani."

Redio akaiachia ile pumzi bila neno. Baba akasaini, herufi kubwa, akizikandamiza kama anayechora alama kwenye mbao.

Kisha wakapewa ndoo. Ilibidi Bosi apakatwe, ndoo iwekwe mapajani mwake, nembo ikitazama mbele, ndipo Mratibu apige picha.

"Cheka kidogo, mama," alimwambia Bosi.

"Ndoo ni nzito," alisema Bosi.

Picha ikapigwa hivyo hivyo.

Wakasubiri orodha. Wiki moja ikapita, na ya pili. Chini ya kisigino sasa vilipita vidole vitatu, na Bosi, ambaye alikuwa hacheleweshi utani, alianza kulia mara tu Redio alipokaribia na mafuta ya kukandia. "Usinishike," alisema. "Leo sitaki kushikwa. Nenda kamshike mdoli."

Baba alitoka uani akapiga simu. Alirudi taratibu, akakaa kwenye kizingiti, kofia mkononi.

"Wanasemaje?" Mama aliuliza.

"Wanasema nilisaini kwamba hana hitaji."

"Ulisaini nini?"

"Orodha. Aliniambia orodha."

"Na hukuuliza? Ulikuwa na mtoto ubavuni anayejua kusoma."

Baba alitikisa kichwa. "Karatasi niliishika mimi. Redio hakuiona vizuri. Angeiona, angeniambia."

Redio alikuwa ameinamia jiko akipuliza makaa ambayo tayari yalikuwa yamewaka. Aliendelea kuyapuliza.

"Wametupaka mafuta kwa mgongo wa chupa," alisema Mama. "Mtoto wangu anapinda, mimi nimepewa ndoo. Nina ndoo sita hapa, ndoo ndiyo kazi yangu." Aliipiga ile ndoo teke, ikabingirika hadi uani, nembo ikizunguka.

Jioni hiyo jirani alikuja mbio na simu. Ile video yao ilikuwa imewekwa kwenye ukurasa wa shirika. Ilikuwa imekatwa, ilionekana miguu ya Bosi na mikono miwili tu inayoikanda. Chini yake paliandikwa: *Mtaalamu wetu akiwafikia watoto majumbani.* Watu mia nne walikuwa wameipongeza.

Lakini katika kundi la wazazi, mama mmoja alikuwa ameandika: *Hiyo mikono si ya mtaalamu. Ina mabaka ya dawa ya choo. Ni ya yule binti anayefagia.* Mwingine akaandika: *Ndiye. Mwanangu akishikwa na huyo halii.* Wa tatu akauliza: *Anakaa wapi? Wa kwangu hakai tena hata kwenye kiti.*

Muda mfupi baadaye jumbe zote tatu zilikuwa zimefutwa.

Wafadhili waliipenda video hiyo. Wakataka kuiona nyumba yenyewe, moja kwa moja, kwenye mkutano wa simu. Kwa hiyo Alhamisi saa nne asubuhi Mratibu alifika, na kijana wa picha akimfuata na stendi ya miguu mitatu ya kusimamishia simu. Alipima chumba kwa macho.

"Hii kamba ya nguo itoke. Ile ndoo iko wapi? Iwekwe hapa ionekane. Fundi, wewe utakaa katikati. Useme mnashukuru, mazoezi yanaendelea, mtoto ana maendeleo. Maneno matatu tu." Akamgeukia Redio. "Wewe utamshika mtoto kwa nyuma. Na wiki ijayo tutakuwa na mazungumzo kuhusu kazi yako. Mazungumzo mazuri."

Alimtazama Bosi, akatazama miguu yake.

"Mfunikeni shuka hapo chini," alisema. "Apendeze."

Mama alileta shuka. Aliitandaza juu ya miguu ya Bosi.

Kwenye simu zilitokea nyuso tano. Nne zilitabasamu bila kusema kitu. Ya tano ilikuwa ya mama mtu mzima, mwenye miwani iliyoshuka puani, mjumbe wa bodi ya shirika. Huyo hakutabasamu. Alitaka kujua.

"Habari za hapo nyumbani? Mtoto anaendeleaje?"

"Tunashukuru," alisema Baba. "Mazoezi yanaendelea." Neno la tatu likamshinda. Akapangusa kipaji.

"Na yule mtaalamu wenu, mwenye mikono mizuri, yupo hapo nimsalimie?"

"Leo yuko kwa mtoto mwingine," Mratibu alidakia kutoka pembeni. "Ana watoto wengi sana."

"Mikono ya Dada," alisema Bosi.

Mratibu akacheka. "Watoto hawa."

"Ya Dada," Bosi alirudia, akivuta kila neno. "Yuko hapa. Ananishika. Hasemi."

Mama wa miwani alisogeza uso karibu na skrini. "Dada yupi?"

Redio alihisi masikio yakiwaka. Aliiona ndoo. Aliiona shuka. Aliuona mgongo wa Baba, shati lake limelowa jasho, mgongo wa mtu aliyetengeneza visimamio kumi na vinne na sasa anasomeshwa maneno matatu nyumbani kwake. Akanyoosha mkono, akaivuta shuka mpaka ikaanguka.

"Mimi," alisema. "Mimi ni mfagiaji wa kituo."

Sauti ilikuwa ndogo. Mama wa miwani akasema, "Ongeza kidogo, mwanangu."

"Tazameni kisigino. Hakigusi chini. Mlipofunga kiligusa." Akaweka vidole vyake vitatu chini yake, waone. "Video haimsimamishi mtoto. Mikono yangu pia haimsimamishi. Visimamio viko kumi na vinne ukumbini, vimefunikwa nailoni, mdoli ndiye amewekewa taa. Watoto wamelala majumbani wanapinda. Vitoeni. Wazazi nitawafundisha mimi, nyumba kwa nyumba, nikiwa na barakoa, mlangoni. Hilo hamkuliwaza, kwa sababu hamkutuuliza."

"Mtandao unasumbua," alisema Mratibu, akanyoosha mkono kwenye simu.

Baba aliinuka. Hakumgusa. Alisimama tu kati ya mkono huo na simu, upana wake wote.

"Mwache amalize, madamu," alisema. "Siku zote humu ndani huyu ndiye anayeona kwanza."

"Nani ana ufunguo wa ukumbi?" aliuliza mama wa miwani.

Mratibu akaeleza utaratibu. Alieleza wakaguzi, namba, maambukizi. Kila alipopumua, sauti ya kwenye simu iliuliza tena, bila kupanda wala kushuka, "Ufunguo uko wapi?" Mwishowe Mratibu akasema uko kwenye mkoba.

"Basi nendeni mkafungue. Nami nitatazama. Sikati simu."

Wakaenda kwa miguu, mchana kweupe, msafara wa ajabu: kijana wa picha mbele ameinua simu, Mratibu nyuma yake ameukumbatia mkoba, Baba na Bosi mgongoni, Mama na kandambili zisizofanana, na jirani aliyejiunga bila kualikwa, akiwaita watu njiani. Mlinzi alipowaona alisahau kupima joto. Redio alipewa ufunguo. Kwa miaka minne alikuwa ameufungua mlango huo kila alfajiri, na mkono wake uliukumbuka.

Kufikia saa kumi visimamio sita vilikuwa vimetoka, vingine kwa mkokoteni, vingine kichwani. Mama aliyeandika kuhusu mabaka ya dawa alikuja na mtoto wake begani. Alimshika Redio mikono yote miwili, akaigeuzageuza.

Baba alikuwa ukumbini bado, amepiga magoti mbele ya namba tisa. Alimfunga Bosi mkanda wa kifua, wa kiuno, akaweka egemeo la magoti. Bosi alisimama. Alitazama ukumbi wote kwa juu, kama mwenye mali.

"Ondoeni huyo mdoli," alisema.

Kisha Baba akatazama chini. Kisigino cha kulia kilikuwa hewani. Akamkandamiza mtoto kiunoni, taratibu, kwa uzito wa mkono wake. Bosi akauma midomo. Kisigino hakikushuka. Baba akapitisha vidole chini yake, kimoja, viwili, vitatu, akaviacha hapo.

"Wiki mbili," alisema. "Wiki mbili nzima nikingoja orodha. Kama ningejua nilichosaini, ningerudi siku ileile nikavunja mlango huu kwa bega." Akajipiga kipaji kwa kiganja. "Mjinga mimi. Nimemlemaza mwanangu kwa kalamu."

Nje watu walikuwa wakiliita jina la Redio. Walitaka awaonyeshe mikanda inafungwaje. Hakuwajibu. Alipiga magoti kando ya baba yake, karibu sana, akaona vumbi la mbao lililoganda tangu zamani kwenye mikunjo ya shingo yake.

"Baba," alisema. "Ile karatasi niliisoma. Niliisoma yote kabla hujaweka kalamu, nikanyamaza, kwa sababu alisema ataniita kufagia."